Kilomita Elfu Moja Kwenda Kuona Mvua

Kiangazi cha Muscat kina mambo yake. Ikifika Juni unazima hita ya maji, halafu unaogea maji ya bomba la moto, kwa sababu lile la baridi linaleta maji ya tangi la juu ya paa, ambayo jua limeyapika tangu asubuhi. Yaliyotulia ndani ya hita, kivulini bafuni, ndiyo yanayovumilika. Nilifundishwa hilo na jirani yetu Mhindi wiki niliyofika, na mpaka leo nikilisimulia Tanga watu wanadhani natunga.

Tulikuwa tukiishi Ruwi, chumba na sebule. Mume wangu alikuwa mhasibu katika kampuni ya vifaa vya ujenzi, na mimi nilikuwa mke wa mhasibu. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo viza yangu ilivyosema: nimekuja kuungana na mume, kazi siruhusiwi. Nyumbani nilikuwa mwalimu wa sekondari, watoto hamsini wananiamkia kila asubuhi. Kule nikawa mtu wa kungoja jua lipunguze ukali nishuke dukani kununua kotmiri na tui la pakti.

Katikati ya 2019 mkataba wake ulikuwa ukingoni, na ofisi ilitaka asaini miaka miwili mingine. Jambo hilo tukawa tunalizunguka. Yeye akilianza, mimi naenda jikoni. Mimi nikilianza, yeye anakumbuka kuna mtu hajampigia simu. Ndipo ikaja likizo ya Idi Kubwa, mwezi wa Agosti, naye akaja na wazo la Salalah.

"Kuna mvua kule," akasema, kwa sauti ya mtu anayetangaza zawadi.

"Mimi mtu wa Tanga, niliyekulia Muheza, unipeleke nikaone mvua?"

Lakini wenyeji wote walikuwa wanakwenda. Kuanzia kama tarehe 21 Juni hadi Septemba, wakati Oman yote inaungua, mkoa wa Dhofar kule kusini, ambao Salalah ndio mji wake mkuu, unapata ukungu na manyunyu, milima inageuka kijani, na nusu ya Ghuba inahamia huko. Msimu huo wanauita khareef. Ndege zilikuwa zimepanda bei, kwa hiyo tukaamua kwenda kwa gari. Kutoka Muscat ni kilomita elfu moja hivi.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Nizwa, Adam, halafu basi: ardhi inalala chali, hakuna mlima, hakuna mti, hakuna hata mbuzi wa kusingizia. Gari nyingi za Ghuba zina kengele inayolia ukivuka kilomita 120 kwa saa, na ya kwetu haikupumzika, maana mume wangu ni mpole kila mahali isipokuwa kwenye usukani. Nilimwambia. Nilimwambia tena. Akaongeza sauti ya redio.

Haima tulisimama kutia mafuta. Kimji kile kipo kwa ajili ya wasafiri: pampu, mikahawa ya chai ya maziwa, msikiti, foleni ya choo. Upepo uliokuwa ukivuma ulikuwa wa tanuri. Nikiwa kwenye foleni ya wanawake nikajisemea, "Jamani, hapa hata shetani anatafuta kivuli."

"Na hakipati, mwanangu," sauti ikajibu nyuma yangu.

Nikageuka. Bibi wa Kiomani, abaya nyeusi, tasbihi imezungushwa kiganjani, na Kiswahili cha Pemba kilichonyooka kuliko changu. Alizaliwa Wete, akaondoka na wazazi wake baada ya mapinduzi ya 1964 akiwa bado mtoto. Sasa anaishi Ibra, na siku ile alikuwa safarini na wanawe na wajukuu, msafara mzima. Watu kama yeye Oman si haba. Utawakuta benki, hospitalini, sokoni Seeb. Unasengenya kwa Kiswahili ukidhani umejificha, kumbe. (Nina kisa changu cha namna hiyo, lakini hicho siandiki.)

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mumeo ndiye yule wa gari jeupe aliyetupita kule nyuma mbio mbio?"

Ndiye. Akaniagiza nimwite. Mume wangu akaja, mtu mzima na ndevu zake, akamwamkia kwa adabu ya Kiunguja, akaambiwa maneno ambayo mimi nilikuwa nimeyasema tangu Nizwa bila mafanikio: "Baba, Salalah haihami. Toka hapa njia ni moja, wanaokwenda na wanaokuja. Kaa nyuma ya gari la mwanangu mpaka Thumrait."

Na akakaa! Malori yakitujia uso kwa uso, familia zikitupita na magodoro yamefungwa juu ya gari, yeye katulia nyuma ya bibi, kengele kimya. Nilikasirika kidogo, sitaficha. Lakini bibi alikuwa ametujazia chupa ya kahawa yenye iliki na kutufungia halwa, na hasira haiendi na halwa.

Thumrait tukaagana. Mbele kidogo ikaanza miti ya ubani, mifupi, imejipinda, imesimama kwenye mawe matupu bila dalili ya maji. Ubani wote niliofukiza maishani mwangu, harusini na msibani, sikuwahi kujiuliza mti wake ukoje. Sura haina kabisa. Kisha barabara ikapanda mlima wa Qara. Upande wa kaskazini ni jangwa mpaka kileleni. Unakata kona, na ghafla uko ndani ya wingu. Joto likashuka kutoka arobaini hadi ishirini na kitu kabla hatujamaliza kuteremka. Akazima kiyoyozi, akashusha vioo, harufu ya majani mabichi ikaingia. Hatukusema kitu, tulikuwa tunanusa tu.

Salalah yenyewe, usipoangalia mabango ya Kiarabu, unaweza kudhani umepotea ukatokea Pangani. Minazi, migomba, mipapai, na vibanda vya madafu pembeni mwa barabara. Wauzaji wengi wanatoka Kerala na Bangladesh. Nililitikisa dafu, nikaligonga, nikalirudisha, nikachukua jingine, mpaka muuzaji akaanza kununa. Mwishowe akalikata kichwa kwa panga, akatumbukiza mrija. Nikautoa mrija, nikalinyanyua, nikanywa hadi yakanimwagikia shingoni. Akacheka. Nadhani hapo ndipo nilipomsamehe mume wangu habari ya Haima.

Siku ya pili tukaenda bonde la Darbat. Nimeona watalii wengi katika maisha yangu, lakini wale walikuwa kiboko. Familia kutoka Kuwait, Emirati na Saudia zimetandika mikeka kwenye nyasi zilizolowa, manyunyu yanawaangukia, na hakuna anayekimbia. Mzee mmoja alikuwa amejilaza chali, kanzu nyeupe imeingia matope, mikono kaitawanya, macho kayafumba, mvua inamdondokea usoni. Watoto wanarushiana tope na mama zao wanawapiga picha. Ng'ombe na ngamia wanachunga pamoja mlimani, maana watu wa milima ile ni wafugaji wa ng'ombe, jambo ambalo sikulitegemea Arabuni. Katika bonde zima, mwenye mwavuli nilikuwa mimi peke yangu.

Jioni tukafika Mughsail. Pale bahari imechimba chini ya majabali, na mawimbi ya msimu ule yakiingia kwa nguvu, maji yanapasuka juu kupitia matundu ya mwambani kwa mngurumo wa kutisha. Wengine wanajisogeza makusudi walowe. Mume wangu alisimama nyuma, kofia mkononi, uso kauelekeza upepo unakotoka.

"Hili ni kusi," akasema.

Babu yake alikuwa baharia wa majahazi, kwa hiyo kwenye mambo ya pepo huwa simbishii. Kusi lile lile linalovuma kwetu tangu Aprili ndilo linalokwenda kupiga pwani ya Dhofar. Likifika linasukuma maji ya juu kuyatoa pwani, maji ya baridi yanapanda kutoka chini, na hewa yenye unyevu ikipita juu yake inageuka ukungu, milima inauzuia usipite. Kwa upepo huo majahazi yalirudi Arabuni, ingawa manahodha walikwepa miezi ya katikati, kusi linapochachamaa. Ibn Battuta naye, yule msafiri wa Morocco, alipotoka Kilwa karne ya 14, alitweka tanga na kuja kushukia huku huku Dhofar, na akaandika habari za minazi yake. Mji alioufikia umebaki magofu, Al Baleed, tuliyapita tukienda kula.

"Kwa hiyo tumekuja kwa gari kufuata upepo ambao ungetukuta Tanga bure," nikamwambia.

"Na dafu ungelipata bila kununiwa."

Mazungumzo yenyewe yalikuja kesho yake, mlima Ittin, tukitoka kwenye kaburi la Nabii Ayubu. Ukungu ulishuka mzito hata boneti hatuioni, magari yakasimama msururu na taa za tahadhari zinawaka. Hapakuwa na jiko la kukimbilia. Simu zilikuwa hazina mtandao.

"Nikisaini miwili, utakaa?" akaniuliza.

"Miwili sikai."

Aliguna. Nikamwambia mengine yote, na nilishangaa jinsi yalivyotoka yamepangika, kumbe nilikuwa nayapanga muda mrefu nikikaanga vitunguu. Mwaka mmoja. Tiketi ya likizo iwe ya wawili, si yake peke yake. Na mimi nijiandikishe uzamili Chuo Kikuu Huria, kinachosomesha kwa masafa, ada itoke kwenye mshahara wake kabla ya matofali ya nyumba ya Unguja.

"Kabla ya matofali?"

"Kabla."

Gari la mbele likasogea hatua chache, likasimama. Akawa anahesabu kwa vidole juu ya usukani, uhasibu haumtoki. Tulipofika bondeni akasimamisha gari kwenye moshi wa wachoma mishkaki, akanunua ya watu wanne, tukala wenyewe.

Jumapili aliporudi kazini ofisi ilikataa tiketi ya pili, wakabishana mpaka Jumatano, ikakubali nusu ya nauli. Akasaini mwaka mmoja. Kazi ya kumpigia mama Tanga na kumwambia haturudi Desemba akaniachia mimi.