Jamvi la Bibi

Mwalimu wetu wa sayansi alitupa kazi ya kubuni kitu cha kumpunguzia mtu tabu, kisha akatukataza kuchora. Penseli tumeshazichonga, kila kundi lina karatasi yake ya manila mezani, naye anasema: "Hamjui tabu ya mtu, mtachora nini? Nendeni mkaulize kwanza."

Ulikuwa msimu wa vuli, Mtambwe, Pemba, na skuli nzima ilinuka karafuu. Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu mingi ya Unguja, zao hili limekuwa zaidi letu Wapemba, na kijijini hapakuwa na mtoto asiyejua kuchambua. Kundi letu halikuhangaika kutafuta tabu, tabu ilikuwa mvua. Karafuu inataka jua kali la siku nne tano hivi, na vuli haina ahadi. Wingu likitanda, nyumba nzima inatoka mbio kukunja majamvi. Ikirundikwa mbichi hupata joto ndani kwa ndani, ikapauka na kunywea, na kwenye mizani ya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, daraja linashuka.

Tukaenda kwa bibi yangu mzaa mama, tukamuuliza anataka nini. Akajibu anataka jua.

Basi tukaunda tulilolitaka sisi: kabati la droo za wavu, unazivuta jua likitoka, unazisukuma ndani mvua ikija. Na magurudumu. Sijui kwa nini, lakini kila kundi darasani liliweka magurudumu, hata lile lililopewa mlango wa choo. Mfano wetu ulikuwa wa maboksi na vijiti, tukaupeleka kibarazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Hii nyumba ya njiwa?"

Tulipomweleza, akatia konzi ya karafuu kwenye droo, akajaribu kuigeuza kwa kiganja. Ikajikusanya pembeni. Akanyanyuka hadi uani, akashika pembe mbili za jamvi, akalivuta mara moja tu. Karafuu yote ikabingirika, ya chini ikaja juu, akaitandaza tena kwa mkono.

"Kutwa nzima mie nafanya hivi. Nyie mnanipa droo ngapi za kugeuza? Jamvi halina kosa. Mvua inakuja saa tano, nyie mko skuli, baba zenu wako juu ya mikarafuu, mie niko peke yangu na mgongo huu."

Mwalimu aliposomewa maneno hayo alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Haya, sasa choreni."

Jamvi likabaki jamvi. Tulichukua dogo, tukashonea mwanzi kila upande kwa shazia, ile sindano kubwa ya majamvi, na kamba, na nusu moja, kwa chini, tukaishonea turubai. Mtu mmoja anainua mwanzi wa upande huo, anaupeleka juu ya mwenziwe, jamvi linajikunja, na turubai inakuwa juu ya karafuu. Bibi hakukubali tujaribie karafuu yake, akatupa makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Tukamwaga ndoo ya maji. Yakapita katikati, kwenye matundu ya shazia, na mengine yakaingia kwa chini. Tukafumua, tukashona turubai pembezoni tu. Kwa chini tukatengeneza chaga la miti lenye kimo cha goti, na hilo ndilo lililompendeza bibi kuliko yote, kwa sababu haikumlazimu kuinama tena. Sisi tulikuwa tunafikiria maji tu.

Siku ya maonyesho wazazi walijaa uwanjani. Mlango wa choo ulikuwepo, bila magurudumu, na ulifunga vizuri. Meza yetu ilikuwa na mchoro peke yake, maana asubuhi ile bibi alikuwa ameshaanika, na nilipomgusia habari ya kuliazima jamvi aliniuliza kama maonyesho ndiyo yatakayowalipa wachumaji wake. Mwalimu akachukua daftari lake la alama, akatutaka tumwoneshe njia ya kwa bibi kabla wingu halijatanda.