Jua la Mukene Liliponianika Mimi

Nimefanya biashara ya mukene, dagaa wa Ziwa Victoria, miaka tisa, na muda wote huo jua nimelihesabu kuwa upande wangu. Ukianika dagaa asubuhi na jua likawaka vizuri, jioni unashona magunia. Mvua ikishinda siku mbili, mtaji wote unanuka. Kwa hiyo siku ile ya Septemba, nilipoamka kwenye mwalo mmoja wa visiwa vya Kalangala, Uganda, na kukuta anga haina hata wingu, nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Tulishinda juani tangu saa tatu. Nyavu zimetandazwa mchangani, mukene wanametameta kama bati jipya, nami nimeinama nawageuza, blauzi ya mikono mifupi, ndala miguuni, kichwa wazi. Saa nane tukapanda boti kwenda kuangalia mzigo kisiwa cha pili. Saa nzima bila kivuli: jua juu, na maji chini yanalirudisha usoni. Mikono ilianza kunichonyota, nikadhani ni magamba ya samaki.

Usiku ndipo nilipojua. Ngozi ya shingo na mabega ilikaza kama ngoma iliyowambwa, na ukiweka kiganja karibu bila kugusa unasikia joto. Khanga niliyojifunika niliiona kama msasa. Asubuhi nikajitazama. Mimi ni mweusi, kwa hiyo usitafute ule wekundu wa watalii. Mikono ilikuwa imezidi weusi, yenye rangi ya zambarau kwa mbali, imevimba na inang'aa. Juu ya miguu kulikuwa na malengelenge madogo madogo, lakini pale mkanda wa ndala ulipopita ngozi ilikuwa nzima, baridi, utadhani ni ya mtu mwingine.

Mwenye chumba, Mama Shamim, alicheka kwanza. "We Mama Faridi, kuungua na jua ni mambo ya wazungu!" Kisha akaniona ninavyoshindwa kuinua mkono, akaenda kuleta samli. Nilimwachia bega moja. Sitasahau. Mafuta yaliziba joto lote ndani, bega likawaka upya, nikalazimika kuyaosha kwa maji na sabuni taratibu huku machozi yananitoka. Kijana wa boti akaja na dawa ya meno. Huyo nilimshukuru tu, nikamrudishia. Na yule aliyesema tutafute barafu ya wanunuzi wa sangara, naye nilimkatalia, maana barafu ikiwekwa moja kwa moja juu ya ngozi iliyoungua inaijeruhi mara ya pili.

Kilichonisaidia kilikuwa maji ya mtungi. Nilichukua shuka kuukuu la pamba, nikalichana vipande, nikavichovya, nikavikamua kidogo na kuvitandika mabegani na mikononi. Kikipata joto unakibadilisha. Dakika kumi na tano hivi, unapumzika, unarudia. Siku ile ya kwanza nadhani nilirudia mara nane. Mama Shamim, alipoona samli imekataliwa, alikata jani nene la kigagi nyuma ya nyumba, ndiyo shubiri yetu hiyo. Tuliacha utomvu wa manjano uchuruzike kwanza kwa sababu unawasha, kisha tukapaka ule ute mweupe wa ndani pale ambapo hapakuwa na malengelenge. Sisemi ni muujiza. Ulipoza, nikapata usingizi wa saa mbili, na siku hiyo hilo lilinitosha.

Nilimeza brufeni baada ya chakula kwa siku mbili, ikapunguza maumivu na uvimbe. Maji nilikunywa hata nisipokuwa na kiu, maana ngozi iliyoungua inavuta maji ya mwili kuja juu, na kichwa changu kilikuwa kinagonga. Sidiria iliwekwa kando, nikavaa dira pana la pamba. Malengelenge sikuyatoboa hata moja, ingawa kila aliyepita alikuwa na sindano yake ya ushauri.

Siku ya pili ndipo nikampigia simu musawo wangu, yaani daktari, kule Entebbe, kwa sababu swali moja lilikuwa halinitoki: miaka tisa kwenye jua lilelile, kwa nini leo? Akasikiliza, akauliza, "Zile kapsuli za brusela bado unameza?"

Nilikuwa nameza. Mwezi uliotangulia walinikuta na brusela, ule ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo, nadhani kutokana na maziwa mabichi, nikapewa antibiotiki ya doksisaiklini mara mbili kwa siku kwa wiki sita, pamoja na dawa nyingine. Aliyenihudumia dirishani alinieleza vizuri kwamba nisimeze na maziwa, ninywe na glasi nzima ya maji, nisilale papo hapo. Jua hakulitaja. Kumbe doksi inaifanya ngozi iwe nyepesi kuungua na jua. Mtu anaungua kwa saa chache pale ambapo zamani angeshinda siku nzima. Na sisi hapa Ikweta imepita juu ya ziwa letu, kati ya Entebbe na Kalangala, na mwezi wa tisa jua la mchana linakuwa utosini kabisa. Weusi wa ngozi unakinga, lakini una mpaka.

Nilitaka kuacha dawa hapo hapo. Akanikataza: brusela ikikatishwa matibabu inarudi. Zilikuwa zimebaki siku nane, tukakubaliana nimalize, ila kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni nisionekane nje. Akaniambia pia kwamba nikipata homa, nikitapika au malengelenge yakienea sehemu kubwa, nipande feri nirudi bila kungoja mzigo. Hayakutokea.

Siku ya tano ngozi ilianza kubambuka, vipande kama ganda la kitunguu. Kuwasha! Hapo musawo aliniruhusu losheni ya kalamini, ile ya waridi, na baadaye mafuta laini yasiyo na manukato. Kubanduka kuliisha kwa wiki moja na nusu, mabaka meusi ndiyo yaliyobaki miezi kadhaa. Rafiki mmoja wa soko alinishauri mkorogo ili "rangi irudi". Ngozi imetoka motoni, unaipeleka kwenye tindikali? Tulinuniana wiki nzima.

Siku hizi mwaloni navaa shati la mume wangu la mikono mirefu na kofia ya ukili yenye ukingo mpana, na soksi ndani ya ndala, wacheke wakitaka. Nikiwa botini napaka losheni ya kukinga jua SPF 50 shingoni na migongoni mwa viganja, narudia kila baada ya saa mbili kwa sababu jasho linaiondoa.

Juzi yule kijana wa dawa ya meno alinisogelea, amekunja mikono ya shati, anajikuna shingo. Akatoa pakiti mfukoni, akaniomba nimsomee. Nikasoma jina lililoandikwa, nikavua kofia nikampa, nikamwambia akae chini ya turubai tumpigie musawo.