Kutoka Shenzhen hadi Wuhu: bei ya kiwanja na moshi wa kiwanda

Mnada wa kwanza wa haki ya kutumia ardhi nchini China ulifanyika Shenzhen tarehe 1 Desemba 1987, miezi michache kabla katiba haijarekebishwa kuruhusu jambo hilo, na ndiyo sababu nilichagua kuanzia huko safari yangu ya kutazama jinsi bei ya ardhi inavyogusa moshi wa viwanda. Kiwanja kile kilikuwa cha nyumba za kuishi. Ardhi ya viwanda iliendelea kugawiwa zaidi kwa mapatano ya faragha kwa karibu miaka 20 mingine.

Treni ya mwendo kasi ilipoingia jimbo la Zhejiang, niliona dirishani mabanda ya viwanda yakifuatana bila kikomo. Serikali za miji na wilaya zilishindana kuvuta wawekezaji kwa kuwapa viwanja kwa bei ndogo mno, mara nyingine chini ya gharama ya kuviandaa, kisha zikafidia pengo hilo kwa kuuza ghali ardhi ya makazi na biashara. Mwenye kiwanda aliyepata ardhi karibu na bure hakusukumwa na chochote kujenga kwenda juu, wala kuachana na mitambo chakavu inayokula makaa ya mawe. Mwaka 2006 serikali kuu iliagiza ardhi ya viwanda itolewe kwa ushindani wa wazi, na mwaka uliofuata viwango vya chini vya bei, ambavyo kiwanja hakiruhusiwi kuuzwa chini yake, vikaanza kutumika nchi nzima kulingana na daraja la eneo.

Nilishuka Deqing, kaskazini mwa Hangzhou, ambako mwaka 2017 jimbo la Zhejiang lilianza kujaribu hatua ya pili. Kiwanja kinapotangazwa, mnunuzi hujua mapema uwekezaji na kodi vinavyotakiwa kwa kila mu (mu 15 ni hekta moja), pamoja na ukomo wa nishati na uchafuzi, na akishinda hufungwa na mkataba. Kwangu hili ni kubwa kuliko bei yenyewe, kwa kuwa bei humzuia asiye na fedha, ilhali masharti humzuia hata tajiri anayechafua.

Keqiao, mjini Shaoxing katika jimbo hilohilo, naijua kwa sifa tangu nyumbani, kwani vitenge vingi vinavyouzwa Kariakoo hutoka huko. Kupaka vitambaa rangi kunahitaji mvuke mwingi, na zamani kila kiwanda kilikuwa na boila lake. Leo viwanda hivyo vimekusanywa katika eneo la Binhai, ambako mvuke husambazwa kwa mabomba kutoka mitambo ya pamoja, na ardhi vilikotoka imepangiwa matumizi mengine. Hapo nilielewa jinsi ardhi na hewa ukaa zinavyoshikana.

Lakini si kila kiwanda kilichoondoka kilikwenda Binhai. Niliendelea magharibi hadi Wuhu, katika jimbo la Anhui, kando ya mto Yangtze. Ukanda huu uliteuliwa rasmi mwaka 2010 kupokea viwanda vinavyohama kutoka pwani, ambako ardhi na kazi vimepanda bei. Anayesoma hesabu ya hewa ukaa ya Zhejiang peke yake anaweza kusifu punguzo ambalo sehemu yake imehamia tu kwa jirani. Utaratibu wa Deqing umeenea hadi majimbo mengine, na ninaamini kwa dhati kwamba ukomo wake wa nishati unapaswa kuwa mkali Anhui kama ulivyo Zhejiang, na hesabu za majimbo haya mawili zisomwe pamoja.