Siku moja na kichwa cha cherehani kutoka Likasi

Saa 11 alfajiri

Lupango letu, yaani ua mmoja wenye milango minne, lina bomba moja tu, nalo hutoa maji alfajiri kisha hukauka. Mwisho huu wa Agosti baridi ya Lubumbashi, huku kusini mwa Kongo, imeanza kulegea, lakini saruji bado inauma nyayo. Nimetoka mapema nikidhani nitakuwa wa kwanza, kumbe mama wa Bukavu amenitangulia, madumu yake matatu yamejipanga, kitenge kimekazwa kiunoni.

"Jambo, yaya." Ndivyo anavyoniita, yaani dada mkubwa.

"Jambo, mama. Watoto wamelala vizuri?"

"Wamelala. Yule mdogo hakulia usiku."

Ana watoto watatu. Alifika kwetu mwezi wa nne, baada ya vita kuingia Bukavu Februari 2025. Aliteremka mpaka Uvira, akapanda mashua ya Tanganyika mpaka Kalemie, kisha akaja juu ya mizigo ya malori, lori baada ya lori, hadi hapa. Mengine hajasema, nami sijamuuliza. Kwa sheria yeye si mkimbizi, maana hakuvuka mpaka wa nchi. Watu wa avenue yetu wanamwita "deplase", yaani aliyehamishwa na vita, na wapo wanaolitamka neno hilo kana kwamba ni ugonjwa.

Saa 12 na nusu

Chai, bitumbula (maandazi) vya jana vilivyopashwa moto juu ya makala, yaani makaa, na fomu ya shule. Fomu hii iko mezani tangu juzi. Kijana wangu anaingia sekondari Jumatatu ya kwanza ya Septemba, na leo ni siku yangu ya mwisho ya kuijaza. Jina, nimeandika. Mahali alipozaliwa: Lubumbashi. Halafu mistari mitatu: mkoa wa asili, teritware (wilaya) ya asili, kijiji cha asili.

Baba yake ni dereva wa lori, analeta unga wa mahindi kutoka Zambia, na sasa yuko Kasumbalesa kwenye foleni ya mpakani. Nimempigia. Mkoa anaujua, Kasai-Oriental. Teritware anaijua, Miabi. Kijiji hakumbuki jinsi kinavyoandikwa, kwa sababu hajawahi kufika. Hata mimi sijafika. Mtoto wetu ndiye kabisa.

Nimeikunja fomu, nimeitia kwenye mfuko wa kazi pamoja na mkasi na utepe wa kupimia.

Saa 1 na nusu

Kibanda changu kiko Kenya. Ni komine, yaani mtaa mkubwa, ya Kenya ya hapa Lubumbashi, si ile nchi. Tunakwenda kwa miguu, mimi na mama wa Bukavu, vumbi la kiangazi likitupiga usoni. Mbele yetu, juu ya mabati, linaonekana bomba refu la moshi la kiwanda na kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba. Ameniuliza kilima kile ni mlima gani. Nimecheka, kisha nikamweleza.

Nilimwambia kwamba mji huu wote umekuja kwa ajili ya shaba iliyoacha kilima kile. Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, iliundwa 1906, reli kutoka kusini ikafika hapa 1910, na hapakuwa na watu wa kutosha kuchimba na kuyeyusha shaba. Basi wakaenda kuwatafuta: Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), Ruanda-Urundi, Kasai. Reli ya kwenda Ilebo, kule Kasai, ilipomalizika 1928, Wakasai walikuja kwa treni na wake zao. Wagiriki walikuja kufungua maduka. Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes walikuja, sinagogi yao bado imesimama mjini. Hata Msiri, mfalme wa Bunkeya ambaye Wabelgiji walimuua Desemba 1891, hakuzaliwa huku. Alitoka Unyamwezi, Tanzania ya leo, alikuja kufanya biashara ya shaba na pembe, na watu wake walikuja na Kiswahili. Baadaye kampuni ikakifanya lugha ya kazi, kwa kuwa mtu wa Kasai na mtu wa Rwanda walihitaji kuelewana ndani ya shimo moja.

"Basi wenyeji ni akina nani?" akaniuliza.

Wapo. Kuna Wasanga, Walamba, Wabemba, Waruund na wengine waliokuwa na ardhi hii kabla ya reli, na wao shaba haikuwatajirisha. Hasira yao naielewa. Ila niliona hasira hiyo ilivyotumiwa na watu wenye viti vikubwa, na ilimwangukia nani.

Saa 2 mpaka saa 5

Haya ni majira yetu. Kila mtoto wa Kongo anataka shati jeupe na sketi au suruali ya bluu nzito, na kila mzazi anataka iwe tayari jana. Umeme umekatika, lakini cherehani yangu ni ya kanyagio na pasi ni ya makala, hivyo hatujasimama. Mimi nakata, mama wa Bukavu anapanga marinda. Alikuwa fundi soko la Kadutu, miaka kumi na moja. Marinda yake yanalala sawa bila chaki. Anapima kwa kidole cha shahada, pindo, pindo, pindo, na ukirudia kwa utepe hukuti hata nusu sentimita ya kosa. Mimi bado natumia chaki.

Nina cherehani moja inayofanya kazi, kwa hiyo tunapokezana. Leo hilo litakwisha, nitaeleza mbele.

Saa 5 na nusu

Mteja wangu wa miaka mingi ameingia, mama mkubwa, wa asili ya Kasai kama mimi. Babake alikuja enzi za Wabelgiji. Amelipia sketi mbili za wajukuu, kisha amegeuka akaanza kusema nami Chiluba, lugha yetu ya Kasai, ili mwenzangu asielewe. Kwa nini nampa kazi mgeni na mabinti wetu wako nyumbani? Halafu akapanda juu zaidi: si hawa wa Kivu tu, hata hawa ndugu zetu wanaoshuka na treni sasa, hawa vijana wa pikipiki, mawewa, wanalala barabarani, wanatuharibia jina. Siku moja watatuponza sote.

Nimemjibu kwa Kiswahili, na nimesema taratibu ili kila aliyemo kibandani asikie. "Mama, sisi tuliposhuka, tulikuwa wasafi?"

Amekaa kimya. Nami sikumwambia yaliyobaki: kwamba hata mimi nilikuwa nikisema hivyohivyo. Vita vya Kasai vya 2016 na 2017 viling'oa zaidi ya watu milioni moja majumbani mwao, wengi wakapanda treni kuja huku, na mimi nilifunga mlango wa lupango mapema. Niliogopa kwamba wakiwa wengi, watu wataanza kutuhesabu tena sisi sote pamoja. Ni hofu yenye sababu, naijua inatoka wapi. Lakini nilimwacha mtu na mtoto mgongoni akisimama nje ya geti, na jambo hilo linanirudia kila ninapochota maji.

Mama mkubwa ameondoka na sketi zake. Mlangoni amegusa marinda, akauliza nani kayapanga. Nikamwonyesha. Amesema, "Ni mazuri," kwa Kiswahili.

Saa 7

Chakula. Mimi nasema bukari, mama wa Bukavu anasema bugali, bibi yangu alisema nshima. Majani ya muhogo hapa sote tunaita sombe, kwetu nyumbani ni matamba. Tunakula kwenye sahani moja tukisimama, maana viti vimejaa mashati.

Saa 9 alasiri

Seremala amekuja na meza.

Inabidi nirudi nyuma. Mimi nilizaliwa Likasi, mji wa migodi hapa Katanga, mwaka 1986, kambi ya wafanyakazi ya Panda. Babu aliandikwa kazi huko, baba akaandikwa kazi huko. Mwaka 1992 ulipokuwa ukielekea mwisho, wakubwa wa mkoa walisimama hadharani wakatuita sisi wa asili ya Kasai bilulu, wadudu, wakasema Katanga isafishwe. Vijana walikuja na mawe, nyumba kwa nyumba. Nilikuwa na miaka sita. Baba alichukua kisu cha jikoni akafungua skrubu za cherehani ya mama, akaling'oa kichwa kutoka mezani, maana meza haikuwezekana kubebwa. Mama alikifunga ndani ya blanketi akakiweka mgongoni. Njiani watu walimpisha wakidhani amebeba mtoto. Mtoto, mdogo wangu wa kiume, nilimbeba mimi.

Stesheni ya Likasi tulilala majuma matatu, maelfu ya watu, mvua ikinyesha. Treni ilipotuchukua, siku ilizosimama zilikuwa nyingi kuliko siku ilizotembea. Mdogo wangu tulimzika Kamina, karibu na reli. Tukashuka Mwene-Ditu, kule Kasai, mahali ambapo baba hakuwahi kuishi hata siku moja, na watu wa pale wakatuita "Wakatanga".

Mama alishona Mwene-Ditu miaka kumi na sita kwa kichwa kile, juu ya meza ya kuazima. Alipofariki nilikichukua. Mwaka 2011 nikarudi nacho huku ndani ya gunia la mahindi. Baba hakutaka kurudi. Lakini aliposoma Katiba ya 2006 aliipigia mstari ibara ya 30, inayosema hakuna Mkongomani anayeweza kulazimishwa kuishi nje ya makazi yake ya kawaida, akanikatia ukurasa ule nije nao. Ninao mpaka leo ndani ya daftari la vipimo.

Sasa meza. Ni ya mninga, nimeilipia kidogo kidogo tangu Pasaka. Seremala amechonga tundu kwa kipimo cha kichwa chenyewe, na chuma cha kanyagio tumekipata kwa muuza vyuma. Tumekitoa kichwa kwenye gunia. Ni cheusi, na maua yake ya dhahabu yamefutika mahali pamoja tu, upande wa kulia karibu na gurudumu, pale mkono wa mama ulipogusa kila alipoanza mshono. Nimeweka kiganja changu pale. Kinaenea.

Mkanda mpya, mafuta kwenye kila tundu, tambara la kufuta. Gurudumu limekataa mara mbili, la tatu likazunguka kwa sauti ya kukohoa, kisha likalainika. Mama wa Bukavu ametoa shato, kile kijikasha cha uzi wa chini, akapuliza vumbi, akakuta humo nyuzi za kijani zimejisokota. Sijui ni za nguo ya nani. Amenipa mkononi bila kusema kitu, nami nimezitia kwenye daftari.

"Keti wewe," nimemwambia.

"Yaya, ni ya mama yako."

"Ndiyo. Keti."

Mshono wa kwanza ulikunja kitambaa, uzi wa juu ulikuwa umekazwa mno. Amelegeza skrubu robo mzunguko, akajaribu kwenye kipande, akalegeza tena kidogo. Wa tatu ukatoka umenyooka kama reli. Kuanzia saa ile tulishona wawili kwa pamoja, na kibanda kikawa na kelele ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa mtoto, ya vyerehani viwili vinavyojibizana. Mama alikuwa akishona na jirani yake mlango kwa mlango kule Panda. Jirani yule alikuwa Mlamba. Ndiye aliyetuletea sufuria ya chakula stesheni usiku, akipita nyuma ya mabehewa ili asionekane. Habari zake sina, na nimeuliza watu wengi wa Likasi.

Saa 12 jioni

Tumefunga. Makala yamekwisha, mgongo pia. Tumenunua lengalenga na dagaa njiani, kila mmoja kwa pesa yake ya leo.

Saa 2 usiku

Umeme haujarudi. Tumekaa mezani kwangu na tochi ya simu, yeye na fomu zake tatu, mimi na yangu moja. Shule imewakubali watoto wake wote. Alipofika kwenye kijiji cha asili hakusita, kiko teritware ya Walungu, ameandika huku akinieleza kisima kiko upande gani wa migomba na kanisa upande gani. Anakijua kwa macho, ila hawezi kwenda.

Mimi nimempigia shangazi wa mume wangu, Mwene-Ditu. Ni mzee, sasa husikia kwa shida, na mtandao wa kule unakatika. Nimemuuliza jina la kijiji. Amelitaja herufi moja moja, kama mwalimu, nami nimeandika. Mara mbili simu ilikatika katikati ya neno, mara mbili nikapiga tena.

Tulipomaliza akaniuliza kama ile mashini ya mama yangu, iliyokaa nyumbani kwake mwaka mzima tulipofika na treni, bado inashona.

Nimemwambia leo imeshona sketi tisa.