Sauti Moja Katikati ya Kundi

Wapendwa katika Bwana, juma hili tusome Mwanzo 37 huku tukiwakumbuka watoto wetu walio sekondari. Yusufu alikuwa na umri wa miaka 17, sawa na wengi wao, ndugu zake walipomvua kanzu na kumtupa shimoni, kisha wakaketi kula chakula. Inatisha kwamba waliweza kula. Lakini katika sura ya 42, yapata miaka 20 baadaye, tunawasikia wakikiri kwamba waliiona taabu ya nafsi yake alipowasihi, wasimsikilize. Kumbe walimsikia wote, na naamini wako walionyamaza kwa sababu tu wenzao walinyamaza.

Ndivyo uonevu unavyostawi shuleni. Mtazame mwanafunzi aliyesimama pembeni wakati vitabu vya mwenzake vinamwagwa sakafuni: kabla ya kucheka huwatupia jicho wenzake, na wakicheka, naye hucheka. Huenda hana chuki yoyote, ila anaogopa kwamba kesho itakuwa zamu yake. Hata hivyo kicheko hicho ndicho kinachompa kichwa mwonevu, na anayeokota vitabu vyake hawezi kutofautisha kicheko cha woga na cha ukatili.

Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwapa wanafunzi wa chuo nchini Marekani kazi nyepesi ya kulinganisha urefu wa mistari, huku wengine chumbani wakiwa wamepangwa kutoa jibu moja lisilo sahihi. Takriban robo tatu ya waliojaribiwa walikubaliana na kundi angalau mara moja. Lakini alipokuwapo hata mtu mmoja wa kusema kweli, waliofuata kundi walipungua sana.

Reubeni, kaka mkubwa wa Yusufu, angeweza kuwa mtu huyo. Aliwazuia wasimwue Yusufu, na kwa hilo astahili heshima, ila nia ya kumrudisha kwa baba yao aliificha moyoni, na aliporudi shimoni alikuta ndugu yake ameshauzwa. Sisi wazazi tunapowaambia watoto "usijiingize," tunawafundisha kuishia alipoishia Reubeni. Tuwazoeze kusema "mwacheni" kwa sauti, kuondoka pamoja na anayeonewa, na kumwarifu mwalimu siku ileile.

Na kijana aliyekwisha kushiriki asikate tamaa, bali asome habari za Yuda, ambaye ndiye aliyetoa shauri la kumwuza Yusufu, na ndiye huyohuyo, katika sura ya 44, anayesogea mbele peke yake na kuomba abaki mtumwa badala ya Benyamini, mdogo wao.