Ukurasa Uliojiita Namba 1

"Kaka, imekataa tena."

Ilikuwa Arusha, mwaka 2019, jioni. Mwanafunzi wa fildi niliyekuwa namwelekeza kuendesha seva alikuwa ameandika amri ileile mara ya tatu. Nikasogeza kiti. Alikuwa anasoma mwongozo wa programu moja huria ya kutunza nakala za data, na chini kabisa, kwenye "tazama pia", akaelekezwa kwenye ukurasa mwingine ulioandikiwa (1) baada ya jina. Akaandika man, amri ya kufungua miongozo, kisha 1 na jina hilo. Jibu: ukurasa huo haupo katika sehemu ya 1.

Miongozo ya mifumo ya kompyuta ya ukoo wa Unix, kama Linux, imegawanywa kwa sehemu zenye namba tangu toleo la kwanza la mwaka 1971. Siku hizi 1 ni amri za kila mtumiaji, 5 ni miundo ya mafaili, 8 ni kazi za msimamizi wa mfumo. Ndiyo maana passwd(1) ni amri ya kubadili nywila na passwd(5) ni faili la akaunti. Ukikosea namba umekwenda nyumba nyingine.

Tukaandika jina bila namba. Ukurasa ukafunguka, na kichwani umejiandika (1). Nikafungua chanzo chake. Faili linaishia .8, limekaa kwenye folda ya man8, ila mstari wa .TH, unaobeba kichwa, umeandikwa 1. Programu ya man hutafuta kwa folda na jina la faili. Kichwa hukichapa kama kilivyoandikwa. Ukurasa ulikuwa unajitaja kwa anwani ambayo haukai, na aliyeandika ukurasa wa jirani akauamini.

Niliumia. Mwongozo wa nakala za data mtu huusoma usiku, diski imekufa, bosi anapiga simu.

"Tupekue zote," nikamwambia.

Akatumia grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili, kutoa mistari yote ya .TH, akaipanga kando ya majina ya mafaili, akapitisha kidole kwenye skrini mmoja baada ya mwingine. Kurasa 31, sita namba zake hazilingani. Vichwa vingine herufi kubwa tupu, vingine ndogo. Tukarekebisha, tukatuma. Wenye mradi wakaomba tugawe: namba peke yake, herufi peke yake. Namba zikapokelewa kesho yake. Herufi wakazikataa, wasomaji wao wamezoea kubwa.

Mpaka leo sikubaliani nao. Mfumo wenyewe hutofautisha kubwa na ndogo. Lugha ya programu ya C, kwenye Unix, ina _exit na _Exit, majina mawili tofauti. Yapandishe yote mawili kuwa herufi kubwa, yanabaki neno moja.

Kijana hilo la herufi hakulishughulikia sana. Kwenye kumbukumbu za mabadiliko, mstari wa aliyegundua kosa ulikuwa na jina lake kamili, la baba na la ukoo. Akausoma mara mbili, akatoa simu, akaipiga picha skrini amtumie mama yake.