Jina moja, tahajia tatu

Jana nimelala saa nane usiku kwa sababu ya majina ya vijiji vya Uskoti. Msinicheke.

Nilikuwa nasoma mtandaoni Vitabu vya Majina vya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza: ni madaftari ya wapima ramani waliozunguka Uskoti kati ya 1845 na 1880 hivi. Kila jina lina safu yake: tahajia zilizokutwa, watu waliozithibitisha, kisha maelezo ya mahali. Mashahidi mara nyingi ni mwenye ardhi, mchungaji wa kanisa na mwalimu. Wachunga kondoo wenyewe, waliolitamka jina kila siku, huwaoni sana. Hapo roho iliniuma kidogo.

Maana mwandiko ule wa kalamu ya wino ni mtihani! U na n ni mapacha. Dakika ishirini nzima nilihangaika na shamba moja lenye tahajia tatu, na zote zimepata shahidi.

Utamu uko kwenye Kigaeli, lugha ya Uskoti iliyozaa mengi ya majina haya. Achnasheen ni Achadh na Sìne, yaani konde la dhoruba. Ballachulish ni Baile a' Chaolais, kijiji cha penye maji membamba. Masikio ya Kiingereza yaliyabana majina haya mpaka maana ikajificha. Ila Inverness ilinichekesha: "inver" ni pale mto unapomwaga maji yake, nasi tunaita mlango wa mto. Basi mji mzima ni Mlango wa mto Ness.

Leo usiku narudi kwenye lile shamba. Sijakubali kushindwa na u.